Mwenye soni naye apande ndege

Mwezi uliopita, katika kikao cha waratibu wa mavolontia hapa Moshi, mwenzetu mmoja aliyeianza kazi hii kabla yetu sote alisema: "Mwenye matatizo ya akili akatibiwe kwao kwanza. Akishapona ndipo aje." Vichwa vingi viliafiki. Na alikuwa na sababu. Wiki mbili kabla ya hapo alimsindikiza hadi uwanja wa ndege wa KIA kijana wa miaka 19 kutoka Ujerumani, aliyekuja kwa mwaka mzima, akakaa wiki sita, na siku tano za mwisho hakutoka chumbani hata kuoga.

Sikumjibu pale pale. Mimi ni mzito wa kusema kwenye vikao, jambo ambalo kwa mada hii msomaji ana haki ya kulijua mapema.

Hoja yake ina uzito. Familia inayompokea mgeni haijasomea uuguzi. Daktari bingwa wa akili anaweza kuwa mbali kwa saa kadhaa za basi, na akipatikana, mgonjwa itabidi aeleze yaliyo moyoni mwake kwa lugha ambayo si yake. Bima nyingi za safari hazilipii maradhi uliyoondoka nayo nyumbani. Watoto wa chekechea waliomzoea "anti" wao wanaamka siku moja hayupo. Na mratibu, ambaye katika vikundi vidogo kama chetu ndiye pia mhasibu na dereva, anageuka mlinzi wa usiku. Anayesema hayo ni ubaguzi tu hajawahi kukaa nje ya mlango uliofungwa kwa ndani saa tisa za usiku, akisikiliza kama mtu anapumua.

Mimi nimekaa. Ilikuwa Marangu, kwa mama mmoja aliyekuwa akitupokelea wageni. Siku ya tatu ya mlango kufungwa alinivuta pembeni karibu na banda la ng'ombe akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, hebu niambie ukweli. Mgeni wako nimemkosea nini?" Asubuhi na jioni alikuwa akiweka chupa ya chai mlangoni, na kila akiirudia anaikuta imejaa. Alishakagua moyo wake wote. Labda ni zile ndizi za mtori, labda alicheka vibaya, labda wajukuu wana kelele. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba binti yule alikuwa na sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, ya miaka miwili na vidonge vyake vilikwisha.

Hakuna aliyemwambia kwa sababu hata sisi hatukujua. Kwenye fomu yetu kulikuwa na swali: "Umewahi kutibiwa ugonjwa wowote wa akili? Ndiyo/Hapana." Alijaza hapana. Baadaye, akiwa ameanza kula, aliniambia bila kuona aibu kwamba rafiki yake aliomba nafasi mahali pengine mwaka huo huo, akajaza ndiyo, na katika wiki mbili akapokea barua ya adabu ya kumtakia heri katika mipango yake mingine. Yeye akajifunza.

Hapo ndipo ninapoachana na mwenzetu. Tunadhani swali lile ni chujio la wagonjwa. Kinachonaswa humo ni wakweli. Waliobaki, wazima kwa waliojificha, wanapita pamoja, na mratibu anawapokea uwanjani akiamini wote ni wazima.

Kujificha huku kuna gharama ya mwilini kabisa, wala sisemi kwa mafumbo. Chukua dawa za kinga ya malaria. Meflokwini, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Lariam, humezwa mara moja kwa wiki, na kwa mtu wa kukaa mwaka mzima hilo linavutia kuliko kukumbuka kila siku kinga nyingine, doksisaiklini. Lakini inaweza kuleta ndoto za kutisha, wasiwasi, sonona, hata kuona vitu visivyokuwepo. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliiwekea onyo la daraja la juu kabisa, na mwenye sonona au maradhi ya wasiwasi hatakiwi kupewa kama kinga. Sasa mfikirie kijana aliyeficha kwa shirika. Je, atamwambia daktari wa safari, ambaye cheti chake kinarudi kwa shirika lile lile? Akinyamaza kote kuwili, anaweza kushuka KIA akiwa anameza kila wiki kitu kinachochochea moto anaojaribu kuuzima.

Au anayetumia lithiamu, dawa ya kumtuliza mtu ambaye hali yake ya moyo hupanda na kushuka mno. Akiharisha siku mbili kwenye joto la Dar es Salaam na maji yakampungua mwilini, dawa hujirundika kwenye damu hadi kuwa sumu. Kwa volontia mgeni kuharisha ni jambo la kawaida, tunawapa maji ya chumvi na sukari na kuwacheka kidogo. Kwa huyu ni safari ya hospitali usiku huo huo, lakini nani atajua? Na anayekatisha ghafla vidonge vya sonona, kwa kuwa pakiti alizozificha kwenye soksi zimeisha mwezi wa tatu, hupata kizunguzungu, usingizi unapaa, machozi yanakuja bila sababu. Wenyeji watasema ni malaria. Watampeleka kupima, kipimo kitakuwa safi, watasema amedeka.

Naona nimerefusha hapa, lakini ndipo penyewe. Mwenzetu anadhani sera yake inawalinda wenyeji. Mama wa Marangu hakulindwa na chochote.

Halafu kuna swali la kama kuchuja kwenyewe kunawezekana. Peace Corps, shirika la kujitolea la Marekani lililoundwa na Rais Kennedy Machi 1961, lilipeleka makundi yake ya mwanzo Ghana na Tanganyika mwaka huo huo. Waliokuja kwetu walikuwa wapima ardhi, wahandisi na wanajiolojia. Ghana walipelekwa walimu wapatao 50. Enzi hizo waliokuwa mafunzoni walihojiwa na madaktari wa akili, wakapimwa, wakatakiwa hata kupeana alama wao kwa wao, na walioonekana hawafai wakarudishwa makwao kabla ya kuiona Afrika. Mwanasaikolojia M. Brewster Smith na wenzake waliwafuatilia walimu wale hadi madarasani Ghana, na mwaka 1966 wakachapisha walichokiona. Makadirio ya madaktari wa akili kabla ya safari, ya nani ana nafsi imara, yalikuwa na uhusiano dhaifu mno na nani alikuja kufundisha vizuri.

Mwenzetu angenijibu, na angekuwa na haki, kwamba watu 50 si wengi, na kwamba walioonekana na hali mbaya zaidi walishaondolewa kabla ya kuhesabiwa. Kweli. Utafiti ule hauthibitishi kwamba kila mtu afaa. Lakini ikiwa madaktari waliokaa na watu ana kwa ana hawakuweza kusema nani atasimama mbele ya darasa la Kumasi, kisanduku chetu cha ndiyo na hapana kinatabiri nini?

Umri nao uangaliwe. Mpango wa serikali ya Ujerumani wa weltwärts, ulioanza 2008 na ambao umeleta vijana wengi Tanzania, huchukua watu wa miaka 18 hadi 28. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa 2005 na Ronald Kessler na wenzake ulikadiria kwamba robo tatu ya maradhi ya akili yanayompata mtu maishani huwa yameshaanza anapofika miaka 24. Maana yake sisi tunavua samaki katika maji yale yale. Ukisema "akishapona ndipo aje", kwa wengi umesema asije, kwani sonona mara nyingi ni kama pumu: unaishi nayo, kuna msimu inatulia, kuna msimu inabana. Mwenye pumu tunamuuliza kama amebeba dawa yake.

Kwenye kichwa cha makala nilisema soni na sasa nasema sonona, na maneno haya mawili yanafanana hadi watu wanayachanganya. Soni si ugonjwa. Tena kwetu ni sifa: kumwambia mtu hana haya ni kumtukana. Nimeona vijana wa Kizungu walioitwa wazito na walimu wao kwao wakifika Kilimanjaro na kupewa jina la mpole, mstaarabu, mwenye adabu. Hawajabadilika, ila mizani imebadilika. Na lugha yetu inambeba mtu wa aina hiyo. Anayeogopa kuanzisha mazungumzo Berlin lazima atunge cha kusema. Hapa amepewa tayari. Shikamoo, marahaba. Umeamkaje, salama. Za kazi, nzuri. Anaweza kupita mtaa mzima ameongea na watu ishirini na hajabuni neno. Jioni atakaa kwenye kigoda achambue mchele na mama mwenye nyumba, nusu saa ya kutoa mawe bila kusema kitu, na kesho yake mama atawaambia majirani kwamba mgeni wake ni mtu wa watu.

Safari ikigeuzwa, mizani nayo inageuka. Kwa zaidi ya miaka kumi sasa weltwärts inapeleka na vijana wa huku Ujerumani. Siku 25 za semina kwa mwaka, viti vimepangwa duara, kila mmoja aseme anavyojisikia na akosoe kazi ya bosi wake mbele ya bosi. Kijana wa Same aliyelelewa kusubiri aulizwe ndipo ajibu anaandikiwa kwamba hajitumi. Desemba jua linazama karibu saa kumi jioni au muda mfupi baadaye. Kibali chake cha ukaazi kimefungwa kwenye mkataba wa kujitolea, na nyumbani walishachinja mbuzi wa kumuaga. Kurudi kabla ya mwaka ni kurudi na maelezo. Bima ya afya anayo, lakini foleni ya kuonana na mtaalamu wa nafsi huhesabiwa kwa miezi, tena umwelezee kwa Kijerumani. Basi naye anasema yuko poa. Sisi tunaowaandaa vijana hawa tumejifunza kuwafundisha sarufi na kununua makoti. Kumuuliza kijana wa kiume kama amewahi kulia wiki nzima bado kunatushinda, kwa kuwa kwetu kati ya mzima na chizi hakuna kituo ambacho basi linasimama.

Wapo pia wanaokosea kwa upande wa pili, na hao nina ugomvi nao zaidi ya nilio nao na mwenzetu. Ni wale wanaomwambia kijana aliyevunjika moyo: nenda Afrika, watu wana furaha huko ingawa hawana kitu, utapona. Watoto wa Marangu si dawa ya mtu. Anayekuja ili aponywe humwona kila mwenyeji kama muuguzi, na siku jua lisipomponya anajiona ameshindwa mara mbili. Aliyebadilishiwa dawa mwezi uliopita, au aliyekuwa anawaza kujidhuru msimu huu, asubiri. Hapo niko na mwenzetu kabisa. Tofauti yetu ni kwamba mimi ningemwandikia: subiri miezi sita, daktari wako akiafiki nafasi yako ipo, na hii hapa tarehe. Barua ya kumtakia mtu heri haina tarehe.

Bado liko suala la nani aambiwe. Mgeni ana haki ya siri yake, na mama mwenye nyumba ana haki ya kutokuishi kwa hofu. Nilidhani haki hizi mbili zinagongana, hadi nilipoona kwamba mama yule hakuhitaji jina la ugonjwa. Alihitaji kujua hajakosea, afanye nini, na nani wa kupigiwa simu.

Kwa hiyo tumelifuta lile swali. Masuala ya dawa sasa yanajazwa na daktari wa mwombaji kwenye karatasi ya pembeni, nasi tunaisoma mwombaji akishakubaliwa, ili ukweli usimgharimu nafasi. Kwenye fomu yenyewe tumeandika: "Ukizidiwa, watu wa nyumbani kwenu wanakuona ukifanya nini, na ungependa wafanye nini?" Mwenzetu alilisoma akasema hilo ni swali la wachumba. Majibu yamekuja ya kila namna, hata ya mmoja aliyeandika kwamba yeye hazidiwi. Binti mmoja aliandika mistari miwili: huwa nafua nguo usiku, hata safi, msinizuie, ila asubuhi mtu aniulize kama nimelala.

Tumempeleka kwa mama wa Marangu. Karatasi yenye mistari ile miwili, kwa Kiswahili, imebandikwa kwa ndani ya mlango wa kabati la vyombo. Juzi mama alinipigia kuniambia kwamba usiku alisikia bomba la uani saa nane na dakika ngapi sijui, akageuka upande wa pili akalala.