Tiba au ngonjera?

"Sasa hii ni tiba au ngonjera?" Mjumbe mmoja wa jopo aliuliza hivyo, ukumbi ukaangua kicheko, na daktari kijana aliyesimama mbele akacheka nao kwa kuwa hakuwa na la kufanya. Ilikuwa Mbeya, mwezi wa Juni, baridi ile ya kuvaa makoti mawili. Andiko lake la utafiti wa shahada ya uzamili lilibeba mambo matatu kwa pamoja: homa za watoto wa Rungwe na Kyela, nyimbo na mashairi yanayosemwa mtoto anapougua, na sehemu juu ya namna yeye mwenyewe alivyosomea udaktari Moscow, kwa Kirusi. Mimi nilialikwa kwa upande wa lugha. Sikucheka.

Waliocheka wana hoja, tena si ndogo. Daktari wa serikali leo yuko Tukuyu, mwakani barua ya uhamisho inampeleka Mtwara. Kinyakyusa alichohangaikia kitamfaa nini huko? Hata ukibaki hizi nyanda za juu, kutoka Mbeya mjini mpaka Njombe utapita kwa Wasafwa, Wasangu na Wabena, na hapo hujawagusa Wakinga wala Wandali. Fedha za utafiti ni chache, na nyingi hutoka nje mada zikiwa zimeshachaguliwa. Ipo pia hofu ya haki kabisa kwamba mtu wa fani mbili huishia nusunusu: mashairi anayasoma kidaktari, cheti cha dawa anakiandika kishairi. Mjumbe mwingine aliuliza sampuli ya mashairi inapigiwa hesabu vipi. Hakupata jibu la maana.

Lakini chukua neno moja tu, degedege. Kila mzazi analijua. Mtoto ana homa kali, ghafla anakakamaa, macho yanageuka, mwili unatetemeka. Kwa daktari, hiyo inaweza kuwa dalili ya malaria kali, na saa chache ndizo zinazoamua. Watafiti waliofanya kazi Bagamoyo katika miaka ya 1990 walikuta kwamba wazazi wengi waliijua homa ya malaria kuwa ni ya hospitali, ila degedege kwao ulikuwa ugonjwa mwingine kabisa, wa shetani, na pa kuanzia palikuwa kwa mganga. Ukiitazama vizuri, akili yao haikuwa na kasoro. Majina mawili, magonjwa mawili, milango miwili.

Hapo ndipo huwa nakwama, na nitakwama tena leo. Tubandike bango la malaria kwenye kila zahanati, lenye maelezo sahihi kabisa kitabibu. Mama ambaye mtoto wake ana degedege atalipita, kwa sababu halimzungumzii yeye. Dawa ipo kabatini, muuguzi yupo zamu, mtoto yuko njiani kwa mganga. Hakuna kipimo cha damu kitakachokuonyesha kilichokosekana hapo. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza neno hili limebeba nini, na ukiuliza unakuta limebeba ndege, mbawa za usiku zinazopita juu ya kitoto kilicholala. Huo ni ushairi, na umeamua mtoto apelekwe mlango upi. Nikisikia mtu anasema kuchunguza picha ya namna hiyo si kazi ya tiba, sijui ni kazi ya nani.

Watetezi wenzangu hupenda kumtaja Agostinho Neto, daktari aliyesomea Ureno, mshairi, kisha rais wa kwanza wa Angola. Mfano huo haunisaidii. Mtu mmoja kuwa na vipaji viwili ni jambo lake na Mungu wake. Utafiti unaosimama kwa miguu hiyo miwili ni jambo jingine.

Sehemu ya Kirusi ndiyo iliyopondwa zaidi, na kwa kweli ilikuwa imeandikwa vibaya. Wazazi wanaosomesha watoto Urusi au China wanaujua ule mwaka wa mwanzo wa lugha. Wengine huuita mwaka wa kulipia hewa. Daktari huyu anauona tofauti. Warusi, alieleza, husema "u menya bolit golova", yaani "kwangu mimi, kichwa kinauma". Mwingereza huyamiliki maumivu kama mali: ana maumivu ya kichwa. Alipokuwa akihangaika kuvikariri hivyo kwenye bweni lenye theluji dirishani, ndipo kwa mara ya kwanza alipojisikia mwenyewe anavyosema "naumwa". Na kuuma ni kazi ya meno. Mswahili akiumwa, kuna kitu kinamtafuna, naye hana ubavu mbele yake. Miaka ishirini alilitamka neno hilo bila kulisikia; ilibidi aende ugenini.

Sasa ameketi kliniki. Mgonjwa wa kwanza tumbo linamsokota, wa pili linamkata, wa tatu linawaka, wa nne linavuta upande mmoja hadi kiunoni. Faili huandikwa Kiingereza, na mara nyingi wote wanne huingia humo kama "maumivu ya tumbo". Najua daktari makini huuliza zaidi na hubonyeza tumbo. Lakini mgonjwa alikuwa ameshampa kipimo cha kwanza, tena bure, nacho kikapotea katika kufasiri. Ikiwa mzee wa Kyela aliwaza kwa Kinyakyusa akasema kwa Kiswahili, basi kimefasiriwa mara mbili kabla kalamu haijainuka.

Mbeya hii ina kituo cha utafiti wa tiba chini ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, kilichoshirikiana kwa miaka mingi na chuo kikuu cha Munich, na majaribio ya chanjo za VVU na ya dawa za kifua kikuu yamefika hapa. Majaribio ya aina hiyo hutegemea ridhaa, na ridhaa hutegemea maneno. Niliwahi kutafsiri fomu za mradi mmoja, si lazima niutaje, na nikaandika kwamba washiriki watagawanywa makundi "kwa bahati nasibu". Ni tafsiri inayokubalika. Mama mmoja akaniuliza atakayeshinda atapewa nini.

Aliyeuliza swali la ngonjera, kwa umri wake, nadhani aliyaona ya 1973. Kampeni ya Mtu ni Afya ilikusanya watu wapatao milioni 2 kwenye vikundi kuizunguka redio, wasome, wajadiliane kwa Kiswahili chao, kisha wachimbe vyoo na kufyeka vichaka. Milioni 2, katika nchi ambayo sensa ya 1967 ilihesabu watu milioni 12 na ushei! Sisemi kwamba lugha pekee ilichimba vyoo. Chama kilisukuma, na siasa za wakati ule hazikuwa za kubembeleza. Ila kizazi hicho kilikuwa kimekwisha kuona Mathias Mnyampala na wenzake wakiitumia ngonjera kulifikisha Azimio la Arusha hadi shuleni, na hakuna aliyeuliza kama ile ilikuwa siasa au ngonjera.

Jopo halikulikataa andiko. Liliagiza sura ya Kirusi ifutwe, mashairi yahamishiwe kwenye kiambatisho, na pawe na msimamizi wa pili kutoka idara ya Kiswahili. Agizo la tatu naliunga mkono kwa mikono miwili, la kwanza kwa shingo upande, la pili silikubali. Hivi sasa kila Alhamisi anapanda basi dogo kwenda Kyela na daftari lililochorwa safu nne: neno, nani kalisema, sehemu gani ya mwili, vipimo vimesema nini. Tatu za mwanzo zimejaa mpaka pembeni mwa karatasi. Ya nne ina mistari sita.