Pini Tano Zilizonirudisha Kampala

Kompyuta ya kibanda changu cha fotokopi hapa Busia, upande wetu wa Uganda, ina prosesa, yaani ubongo wake, aina ya i3 ya kizazi cha pili, mtoto wa mwaka 2011. Ukiiwasha asubuhi unafagia, unakunywa chai, unagombana na jirani, ukirudi unakuta bado inazungusha kale kaduara kake. Mteja akileta barua ya kuomba kazi anakaa benchi mpaka njaa imshike, ananunua mandazi ya mama watoto hapo mlangoni.

Basi akaja kijana mmoja fundi. "Mzee, mashine yako haina ubaya. Badilisha prosesa tu, itaruka."

Itaruka! Na mimi mtu mzima nikaamini.

Nikapanda taksi ya Kampala, kuku wa mtu miguuni. Pale Namawojjolo njiani vijana wakanisukumia mishikaki dirishani mpaka puani, nikageuza uso. Hela ile ni ya prosesa. Mjini nikaingia jengo lenye maduka kama mzinga wa nyuki, nikauliza i5, kaka yake i3. Muuzaji akanipa ya kizazi cha nne. Mimi nikapiga hesabu zangu: yangu ni ya pili, hii ya nne, nimeruka madarasa mawili kwa mpigo. Nikalipa.

Nyumbani ikagoma kukaa. Fundi akaigeuza, akacheka. "Mzee, hii ni ya soketi 1150, yaani kiti chake kina pini 1150. Mazabodi yako, hii bodi kubwa ya ndani, ni 1155."

Pini tano! Nimekunja magoti kutoka hapa hadi Kampala, kumbe nimezidiwa na pini tano. Halafu eti hiyo 1150 ndiyo mpya, ya 2013. Namba inashuka huku mwaka unapanda, kama shangazi yangu akitaja umri wake. Nikamwambia fundi abonyeze kidogo, labda itaingia. Akaruka utadhani nimemwambia achinje mtoto. Pini zenyewe ziko kwenye mazabodi, nyembamba kama nywele, ukizipinda umeua mashine.

Nikarudi Kampala. Muuzaji akanionyesha kibao ukutani: kikiuzwa hakirudi. Baada ya kubembelezana akakubali kunibadilishia, niongeze hela. Yaani nachukua ya kizazi cha tatu, ya nyuma zaidi, na bado naongeza hela!

Hii ikakaa vizuri. Fundi akaipaka ile dawa ya kupoza, nyeupe kama dawa ya meno, akafunga feni, akawasha. Feni inavuma, kioo cheusi tii.

"Bayosi yako, ile programu inayoiamsha mashine, ni ya zamani," akasema. "Prosesa hii ilizaliwa baada yake, haitambui. Turudishe ile i3 kwanza, tuifundishe bayosi, halafu ndiyo tuweke hii. Ile i3 iko wapi?"

Nilimpa kitinda mimba achezee. Tukaikuta nyuma ya nyumba kwenye duka lake la matope, ameipanga na vizibo vya soda, na bei ameshaitaja. Ilibidi nimpe shilingi mia tano aniuzie mali yangu mwenyewe.

Tukaisafisha, tukairudisha, flashi yenye bayosi mpya ikachomekwa. Fundi akanitazama usoni. "Sasa omba Mungu, Mzee. Umeme ukikatika hapa katikati, mazabodi ndiyo kwaheri."

Hayo maneno unamwambia mtu wa Busia, mawingu yanajikusanya upande wa ziwa? Nina UPS, ile ya kushikilia umeme ukikatika, ndiyo, lakini betri yake ilikufa zamani, kazi yake ni kuzuia mlango. Asilimia kumi. Thelathini. Sipumui. Kwenye sitini jirani yangu anayechomelea milango akawasha mashine yake, taa zikapepesa. Nilitoka mbio pekupeku, nikamshika mkono na chuma chake hewani. "Ndugu yangu, subiri dakika mbili tu, nyumbani kwangu kuna mgonjwa!" Akaniuliza mgonjwa nani. Nikamwambia bayosi. Akanipa pole.

Ikakubali, i5 ikawekwa mahali pake. Sasa kompyuta inawaka kabla sijavuta kiti. Mteja anaingia na barua yake, nachapa, natoa, ameondoka, hata benchi halijapata joto.

Jana jioni mama watoto akaingiza beseni ndani, mandazi karibu yote yamo. Akaliweka juu ya meza, mbele ya kioo.

"Baba," akasema, "kile kidude cha zamani umekiweka wapi?"