Lee na Gaara, na kwa nini anime za mapigano zinaanza vizuri halafu zinachosha

Mdogo wangu ana miaka 16 na kwake anime (katuni za Kijapani) ni Jujutsu Kaisen na Demon Slayer basi. Nikimwambia aanze Naruto ananijibu kaka ile kitu ina episodi 720 nitamaliza lini, na hesabu yake iko sahihi kabisa, 220 za Naruto ya kwanza (2002 mpaka 2007) jumlisha 500 za mwendelezo wake, Shippuden, iliyoisha 2017. Tumebishana wiki nzima mpaka mama akatuuliza hivi nyie mnagombania nini. Nimeona bora niandike ninachofikiri, maana hizi anime za mapigano nazipenda tangu niko shule ya msingi na kuna vitu vyake vinaniuma kweli. Humu nataja nani anakufa na nani anashinda, kama kuna moja hujaimaliza jihadhari.

Naanza na pambano moja. Rock Lee na Gaara kwenye Naruto, ule mtihani wa chunin wa kupandisha vijana cheo cha ninja. Lee hawezi ninjutsu (mbinu za nguvu za ninja), hawezi genjutsu (mazingaombwe), alichonacho ni mwili wake na mazoezi ya kujiua. Gaara analindwa na mchanga wake wenyewe, hata asiponyanyua kidole unamkinga, na hajawahi kuguswa na mtu. Sasa Lee anapanda juu ya lile sanamu, anavua vyuma alivyofunga miguuni, anaviachia, vinatua chini sakafu inapasuka, na hapo ndo kila mtu anagundua kwamba muda wote jamaa alikuwa anapigana huku kabeba mzigo. Nimeiangalia mara sijui ngapi na bado mwili unanisisimka.

Lakini kinachonifanya nirudi pale ni kinachofuata baada ya hapo. Anafungua yale mageti ya mwilini yanayozuia nguvu mpaka la tano, misuli inachanika, anampiga Gaara kipigo ambacho hakuna aliyewahi kumpiga, na bado anashindwa. Mchanga unamvunja mkono na mguu. Kisha anasimama, amezimia, hana fahamu, ila kasimama. Sisi tuliokulia kwenye vibanda umiza tulifundishwa steringi hafi na steringi hashindwi, na hapa kuna mtu ambaye moyo wako wote uko kwake halafu anabebwa kwenye machela. Hakuna aliyehitaji kukaa chini akueleze Lee ni mtu wa aina gani, umeshamjua kwa miguu yake. Anime ya mapigano ikiwa kwenye ubora wake inafanya hivyo, pambano lenyewe ndo mazungumzo, na anayepigana analipa kitu ambacho wewe unaona kabisa kimetoka mwilini mwake.

Ndo maana kwangu mimi Hunter x Hunter ile ya 2011 (episodi 148, studio ya Madhouse) iko juu sana. Mwandishi wake Togashi katengeneza mfumo wa nguvu uitwao Nen ambao ukitaka nguvu zaidi unajiwekea masharti, sharti likiwa gumu na nguvu inakuwa kubwa. Kurapika anataka kuwaangamiza Buibui, genge lililomaliza ukoo wake, basi ule mnyororo wake wa kufunga anautumia kwa Buibui tu, akimfunga nao mtu mwingine anakufa papo hapo. Kwa hiyo anapopigana huulizi ana nguvu kiasi gani, unauliza kajifunga na nini. Halafu Gon, steringi mwenyewe, mbele ya adui yake Pitou, mtoto anatoa kila kitu, kesho yake yote, ili awe na nguvu ya dakika chache za kuua. Anashinda. Na hujisikii kushangilia hata kidogo, rafiki yake Killua anafika analia na wewe unalia. Na Fullmetal Alchemist Brotherhood ndo usiseme, pale gharama imewekwa mlangoni kabisa, ndugu wawili, Edward na Alphonse, wanajaribu kumfufua mama yao, mmoja anapoteza mwili wote, mwingine mguu na halafu mkono ili aiokoe roho ya ndugu yake, na mwisho wa yote Edward anaupata mwili wa Alphonse kwa kutoa alkemia yake, yaani kipaji chenyewe kilichomfanya awe yeye. Hakupewa nguvu mpya. Aliachia aliyokuwa nayo.

Sasa turudi kwa Naruto, maana ndo ninayoipenda na ndo inayoniudhi kuliko zote. Kwenye mtihani ule ule kuna Naruto na Neji. Neji anaamini mtu anazaliwa na hatima yake, hata ujitahidi vipi hubadiliki, na Naruto, mtoto aliyefeli mbinu ya kujigawa mara tatu, anampiga na kumwambia hapana. Mimi hiyo niliibeba. Nilikuwa sifanyi vizuri darasani na ile sehemu nilikuwa nairudia kabla ya mitihani. Halafu miaka inaenda, tunakuja kuambiwa baba yake ni Hokage (mkuu wa kijiji) wa nne, mama yake ni wa ukoo wa Uzumaki wenye uhai wa ajabu, na juu ya hapo yeye ni mrithi wa roho ya Asura, mtoto wa yule mzee wa Njia Sita aliyeanzisha ninjutsu, na katikati ya vita mzee mwenyewe anamtokea na kumkabidhi nguvu. Yaani Neji alikuwa sahihi! Na Neji mwenyewe akafa vitani akimkinga Hinata na Naruto, na stori haikurudi kumjibu. Hii kwangu ndo kasoro kubwa kuliko filla (episodi za kujazia muda, nje ya hadithi yenyewe), kuliko chochote, kwa sababu filla unairuka lakini hiki kimeingia kwenye mfupa wa hadithi.

Na ni tabia ya anime nyingi za namna hii. Adui anakuja na nguvu zaidi, steringi anapata umbo jipya, nywele zinabadilika rangi, adui mwingine anakuja. Kaguya anatokea mwishoni kabisa baada ya sisi kukaa na adui Madara miaka, anachukua nafasi ya mwisho na hatumjui wala hatumchukii. Na vifo vinafutwa, adui Pain anaisambaratisha Konoha, kijiji cha kina Naruto, mwalimu Kakashi anakufa, unaumia, kisha Nagato, anayemwendesha Pain, anawarudisha wote. Dragon Ball Z ndo ilizoesha hivyo, mipira saba ikikusanywa watu wanarudi, na ndo maana baada ya muda kifo pale kinapoteza uzito.

Niutendee haki upande wa pili lakini. Wanaotetea wanasema hizi ni hadithi za kuwapa watoto matumaini na si lazima kila mtu avunjike, na kuna mahali wana hoja nzuri tu. Goku wa Dragon Ball Z kugeuka Super Saiyan kule sayari ya Namek hakuna alichotoa kwa hiari, lakini rafiki yake Krillin kauawa mbele ya macho yake, hasira ile imejengwa episodi zaidi ya 90, na dunia nzima bado inaikumbuka. Na kile kipindi cha Pain ambacho nimekilaumu ndani yake kuna Naruto anakaa chini uso kwa uso na mtu aliyemuua mwalimu wake Jiraiya, anaulizwa chuki hii utaimalizaje, na anakiri hana jibu la uhakika, anachoshika ni imani ya Jiraiya tu. Ni anime chache za mapigano zenye ujasiri wa kusimamisha ngumi pale. Na Gai pia, mwalimu wa Lee, alifungua geti la nane ambalo kanuni inasema unakufa, Naruto akamwokoa, nikakasirika, ila mguu wake hakuurudishiwa, akabaki kwenye kiti cha magurudumu. Kwa hiyo kanuni haikuvunjwa yote.

Suala la pili ni muda, na hapa dogo ananishinda kabisa. Wengi wanadhani filla ni uvivu wa waandishi, kumbe tatizo lilikuwa mfumo. Manga (kitabu cha katuni ambacho anime inatokana nacho) ya kila wiki inatoka kurasa kama 20 hivi, na episodi moja ya dakika 23 ikienda mwendo wa kawaida inaweza kumeza sura mbili au zaidi, sasa ukiwa hewani kila wiki mwaka mzima lazima umfikie mchoraji. Ukimfikia una njia mbili, utunge vya kwako au uvute. Naruto ya kwanza ilitunga, kuanzia episodi ya 136 mpaka karibu na mwisho ni filla tupu. Dragon Ball Z ilivuta, adui Frieza anasema sayari inalipuka baada ya dakika 5 na zile dakika tano zinachukua episodi nzima nzima kadhaa, mpaka walipokuja kuikata upya kama Dragon Ball Kai mwaka 2009 kile kipande cha mwanzo mpaka kwa adui Cell kikapungua karibu nusu. One Piece nayo ilivuta, kile kipande cha Dressrosa ni episodi 118 kwa sura 102 za manga, yaani hata sura moja kwa episodi haifiki, unaangalia watu wanashangaa, mmoja mmoja, uso kwa uso. Shippuden ilifanya vyote, hadi vita inakaribia mwisho, Kaguya hajatokea bado, wakaingiza mfululizo wa ndoto za watu waliolala. Kwa mtu anayenunua bando la siku hii si kero ndogo, unapakua episodi tatu kwa hela yako halafu ndani yake hakuna kilichosogea.

Ila dogo hajakaa na meli ya Going Merry. Episodi ya 312 ya One Piece wanaichoma meli, meli ya mbao, na watu wazima wanalia, mimi nikiwemo, kwa sababu tumeishi humo mamia ya episodi, tumekula humo, tumeona inavyotobolewa na kuzibwa na Usopp ambaye si fundi. Huwezi kuipata ile kwa episodi 12. Jiraiya vilevile, alikuwa mzee wa vichekesho tangu zamani, ukamzoea kama mjomba anayekuja likizo, ndo maana alipozama baharini kimya kimya watu walibaki wanaangalia kioo. Urefu unachosha na urefu huo huo ndo unaotengeneza undugu.

Hizi za sasa zinatoka kwa sizoni na hazina filla. Demon Slayer ya 2019 episodi 26, ile ya 19 ya Tanjiro na Rui studio ya ufotable walichora vile mpaka unasahau kupumua, na filamu ya Mugen Train mwaka 2020 ikaingiza zaidi ya yeni bilioni 40 kule Japani. Nazipenda pia kwa kuwa pepo akifa anakumbushwa alikuwa mtu, na Tanjiro anamshika mkono. Lakini ukiondoa michoro na muziki stori yake ni nyembamba, nenda, pigana, lala hospitali, rudi, na Tanjiro anakueleza kwa mdomo kila kitu ambacho macho yako yameshakiona. Jujutsu Kaisen ina kanuni nzuri na kifo kina uzito, kile kipande cha Shibuya cha 2023 kinaogopesha kweli, ila watu wanauawa kabla hujakaa nao. Na ule uzuri wa picha una watu nyuma yake, mwaka huo huo wa 2023 baadhi ya wachoraji walijitokeza mtandaoni kulalamikia ratiba ya kazi ile. Nikisikia mtu anasema animesheni imeshuka wiki hii nawafikiria hao. Hata episodi ya 167 ya Shippuden, Naruto na Pain, ilitukanwa sana kwa nyuso kuvutika kama ulimbo, leo wengi tunaona ndo ilikuwa na uhai kuliko zile zilizonyooka.

Na wanawake. Sakura, mwenzake Naruto kikosini, alimpiga adui Sasori pamoja na bibi Chiyo mwanzoni mwa Shippuden, ukasema haya sasa, kisha miaka yote iliyobaki anatibu watu na kumlilia Sasuke. Hii mimi nashindwa kuitetea kwa hoja yoyote. Hiromu Arakawa, mwanamke aliyechora Fullmetal Alchemist, katuandikia Hawkeye, Izumi na Olivier Armstrong anayeamuru ngome nzima ya Briggs, na mapigano hayakupungua utamu.

Ukiniuliza nasimama wapi, nachukua Brotherhood, 64 na imekwisha, na imekaa vizuri kwa sababu manga yake ilikuwa ya kila mwezi na vyote viwili vikafika mwisho pamoja mwaka 2010. Ndo niliyompa dogo aanze nayo. Naruto tumekubaliana aende mpaka ya 135 kisha arukie Shippuden, na kule vitani nitamwandikia namba za kuruka. Na yeye kanidai kitu, nirudie naye Shibuya, maana niliiangalia usiku mmoja kwa haraka na Nanami, mmoja wa wapiganaji wake, nilimpita bila kumwangalia vizuri. Tunaanza Jumamosi.