Fungua kwanza mlango wa chini ya sinki

Nina tabia moja mbaya. Nikikaribishwa kwa mtu nikafika mpaka jikoni, nikipata upenyo, nafungua mlango wa kabati la chini ya sinki. Sichungulii uchafu, wala sabuni anayotumia. Naangalia ubao wa chini, pale bomba linapopita, kisha natazama bawaba. Nikitoka hapo najua jiko lile limejengwa na nani: fundi, au mpiga picha.

Tabia hiyo nimeipata kwa gharama. Miaka michache iliyopita tulihamia nyumba yetu Kigamboni, mahali ambapo jioni upepo wa bahari unaingia hadi chumbani. Nilikuwa na picha kwenye simu: makabati meupe, yanang'aa kama sahani mpya, hayana hata alama ya kidole. Nikapata duka, nikapewa bei ambayo ingeninunulia pikipiki, nikalipa. Siku wanafunga, mafundi walipoondoa zile karatasi za nailoni, nilipiga picha kumi na moja, nikatuma kwenye kundi la dada zangu.

Haikupita miaka miwili. Bomba chini ya sinki lilianza kudondosha, tone baada ya tone, na mimi sikuona kwa sababu mbele palikuwa na ndoo na sabuni. Nilipokuja kuona, ubao ulikuwa umevimba kama andazi lililosahauliwa kwenye chai. Kutu ilikuwa imeshatangulia kwenye bawaba. Mama mkwe alikuja kututembelea, akaingia jikoni kutafuta kibao cha mbuzi, akavuta mlango, akabaki nao mkononi. Akaniangalia. "Mwanangu," akasema, "mlango huu ni wa kufungua au wa kubeba?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimenunua sura. Milango ilikuwa mizuri kweli, na mpaka leo rangi yake haijachuja. Kilichooza ni kila kitu ambacho milango ile ilikuwa inakificha: sanduku lenyewe, mgongo wake, miguu yake, vyuma vyake. Na ndivyo wengi wetu tunavyonunua. Tunafika dukani tunapapasa mlango, tunauliza rangi, tunabishana juu ya vishikio. Hakuna anayepiga magoti kutazama chini ya droo.

Tuanze na sanduku. Makabati mengi tunayouziwa mjini yametengenezwa kwa chipubodi au MDF, bodi za futi nane kwa nne, unene wa milimita 16 au 18. Chipubodi ni vipande vya mbao vilivyosagwa vikagandamizwa kwa gundi. MDF ni nyuzi laini zaidi, ndiyo maana inachongeka vizuri na kushika rangi vizuri. Sizitukani bodi hizi. Kabati la juu, mbali na maji, chipubodi nzuri iliyofunikwa melamini, ule utando mgumu wa plastiki, inakaa miaka mingi bila shida. Ila zote mbili zina adui mmoja, maji, na adui huyo haingilii usoni. Anaingilia kwenye kingo: pale bodi ilipokatwa, pale fundi alipotoboa tundu la bomba akaliacha wazi. Kwa hiyo ukikagua kabati, usihangaike na sura ya bodi. Pitisha kidole kwenye kingo zote, hata zile za nyuma na za chini. Kama utepe wa plastiki umebandikwa mbele tu panapoonekana, na nyuma bodi iko uchi, basi unajua walikobania. Tundu la bomba nalo lizibwe kwa silikoni siku ileile ya kufunga. Kazi ya dakika tano.

Kipimo ninachokiamini kuliko maneno ya muuzaji ni ndoo. Muombe fundi kipande cha bodi atakayotumia, kidogo tu, saizi ya kiganja. Kipime unene kwa rula, kitumbukize kwenye maji, nenda kalale. Asubuhi kipime tena. Kuna bodi zinazotoka zilivyoingia, na kuna zinazotoka zimenenepa kama zimetoka kula harusi. Niliwahi kumpa fundi mmoja matokeo ya ndoo yangu, akacheka, akasema, "Dada, sasa wewe jikoni unataka kupika au kufuga samaki?" Kicheko chake sikukijali, na bodi yake sikuinunua.

Chini ya sinki mimi siiamini chipubodi tena. Kama kabati lako ni la bodi, pale weka plaiwudi iliyogundishwa kwa gundi inayostahimili maji, ile mafundi wanaiita marini. Bei yake iko juu, lakini unaihitaji kwa kabati moja tu, siyo jiko zima.

Na mbao halisi? Najua wapo wanaosoma hapa wakisema mninga ndiyo kila kitu. Mninga ni mti mzuri, mkongo pia, na mchwa hawaupendi moyo wa miti hiyo. Lakini pita Keko, kwa maseremala wa Dar es Salaam, uone mbao ngapi zinachongwa zikiwa bado mbichi. Mbao mbichi ikishakuwa mlango inaendelea kukauka ndani ya nyumba yako, na inapokauka inapinda, inapasuka, mlango unakataa kufunga. Ukichagua mbao, swali la kwanza ni ilikaushwa wapi na kwa muda gani. Jina la mti linafuata. Mimi kwa milango ningechukua mtiki, maana unapandwa kwenye mashamba kama Longuza kule Muheza, haubanduliwi kutoka pori la asili lililochukua miaka mingi kukua. Hilo ni la moyoni mwangu tu, sikulazimishi.

Sasa jambo ambalo maduka yenye picha nzuri hayaligusi kabisa: sisi tunadeki. Huko jiko la makabati lilikotoka, sakafu hupanguswa kwa kitambaa kilichokamuliwa. Huku kwetu Jumamosi inamwagwa ndoo nzima, sabuni ya unga, fagio la chelewa, maji yanasukumwa mpaka mlango wa nyuma. Kabati linalokaa sakafuni moja kwa moja linakunywa maji hayo kila wiki. Kwa hiyo ama liwe na miguu ya plastiki ya kuzungusha, inayoliinua sentimita kumi hivi, na ule ubao wa mbele wa kuficha miguu uwe wa kuchomoka. Ama lijengewe kitako cha zege chenye vigae. Mimi nimekwenda mbali zaidi. Makabati yangu ya chini sasa hivi ni kuta za matofali zenye vigae ndani na nje, slabu juu; milango na droo tu ndivyo vya mbao. Shemeji yangu anasema ni jiko la kizamani, la nyumba za serikali. Labda. Nyumba hizo nyingi bado zina majiko yake.

Kuna mwanamke mmoja ninayempenda bila kumjua, Margarete Schütte-Lihotzky, msanifu majengo wa Austria. Mwaka 1926 alichora jiko dogo kwa ajili ya nyumba za wafanyakazi mjini Frankfurt, na majiko ya kujengewa ya leo mengi ni wajukuu wa lile. Masanduku ya kuwekea unga aliyafanya ya mbao ya mwaloni, kwa sababu wadudu wa unga hawaupendi. Yaani mtu alikaa akafikiria mdudu kabla hajafikiria rangi. Nikikumbuka mchele wangu ulivyoota vidudu kwenye kabati jeupe linalong'aa, natamani fundi wangu naye angewaza hivyo.

Vyuma sasa. Hapa ndipo ningekuomba utumie pesa hata kama itabidi ubane kwingine, kwa sababu kabati ni sanduku tu. Kinachofanya kazi kila siku, asubuhi mpaka usiku, ni bawaba za milango na reli za droo.

Bawaba za kabati za siku hizi zina kikombe cha duara kinachozama kwenye mlango, kipenyo milimita 35. Ukizipanga mezani dukani Kariakoo zote zinafanana, zote zinang'aa. Zishike. Nzuri ina uzito, chuma chake ni kinene, na ukiifungua na kuifunga haichezi kushoto wala kulia. Zile za kujifunga taratibu, wenyewe wanaita sofuti klozi, ni raha kwelikweli kama una watoto, ila zisikupumbaze: mlango unaweza kujifunga taratibu leo na bawaba yenyewe ikawa bati. Kampuni kama Blum ya Austria, ambayo ilianza mwaka 1952 kwa kutengeneza njumu za viatu vya farasi, au Hettich ya Ujerumani, zimejijengea jina kwa kitu hiki kidogo, na bei zao zinatisha. Siyo lazima uende huko. Lazima ni idadi: mlango mrefu kupita mita moja hivi, bawaba mbili hazitoshi, weka tatu. Milango mingi inayoning'inia haina kosa lolote isipokuwa kunyimwa bawaba ya tatu.

Kwa sisi wa pwani kuna neno la ziada. Hewa ya chumvi inakula rangi ya juu ya chuma, kisha inakula chuma chenyewe. Muuzaji atakuletea sumaku, ataigusisha kwenye bawaba, itateleza, atakwambia, "Umeona dada, stenlesi hii, haishiki kutu." Usikubali haraka. Kuna stenlesi ya daraja la 201 na ya 304. Zote mbili kwa kawaida sumaku haizishiki, lakini ya 201 inawahi kupata kutu. Uliza 304, na itafute ikiwa imeandikwa kwenye chuma au kwenye boksi. Mtu wa Dodoma anaweza kuruka aya hii.

Droo zetu nazo siyo za vijiko tu. Jiko la Mswahili lina sufuria za shughuli, lina kinu, lina chungu cha bibi ambacho hakuna anayethubutu kukitupa. Reli za bei ya chini ni zile nyeupe zenye kigurudumu kimoja cha plastiki. Zinatoka robo tatu, kisha unabaki unapapasa gizani nyuma ya droo. Chukua reli za gololi, za vipande vitatu, zinazotoa droo yote nje. Huandikwa uzito zinaobeba, nyingi kilo 35 au 45. Na ukiwa dukani usiishie kuivuta reli ikiwa tupu. Ivute mpaka mwisho, ibonyeze kwa mkono kwenda chini, usikilize. Ikinguruma, irudishe.

Jambo ambalo hakuna fundi aliyewahi kuniambia, nikaligundua mwenyewe kwa bisibisi ya nyota: bawaba hizi zina skrubu za kurekebishia. Moja inausogeza mlango kulia na kushoto, nyingine mbele na nyuma, na zipo zenye ya kuupandisha na kuushusha. Nimelipa fundi mara tatu, nauli juu, aje kuzungusha skrubu nusu mzunguko. Na tundu la skrubu likishalegea kwenye chipubodi, usiweke skrubu nene zaidi. Jaza tundu njiti za kiberiti zisizo na baruti, zilizopakwa gundi ya mbao, acha zikauke, kata zinazochomoza, kisha rudisha skrubu yako ileile.

Vishikio sitavijadili sana. Nasema tu kwamba vile virefu vyenye ncha zilizochomoza vimetengenezwa na mtu ambaye hajawahi kuvaa dera. Mkono unanasa, chai inamwagika.

Ila la mtungi siwezi kulinyamazia. Watu wanajengea mtungi wa gesi ndani ya kabati, wanaufungia mlango usiopitisha hata pumzi, ili jiko lionekane safi. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi juu, inatulia chini, inajaa humo humo kabatini ikisubiri cheche. Mtungi ukae nje, bomba lipitishwe ukutani. Ikishindikana kabisa, kabati lake litobolewe matundu chini, pale pale sakafuni, na yatoke nje ya nyumba. Picha ya jiko safi itakuwa na matundu. Sawa.

Mama mkwe alikuja tena mwaka jana. Hakusema kitu juu ya vigae wala slabu. Alivuta droo kubwa ya chini, akaweka kinu ndani, akaisukuma kwa goti, akaivuta tena, akaisukuma. Kisha akauliza ile milango yangu myeupe iliishia wapi. Nikampeleka uani. Mmoja upo bado, ndio mlango wa banda la kuku, umefungwa kwa waya upande mmoja na bawaba moja yenye kutu upande wa pili. Unang'aa hadi leo.