Moyo ukishindwa, kinachoua ni nini hasa?

Tukisikia mgonjwa ambaye moyo wake ulishindwa kusukuma damu vizuri amefariki, tunadhani moyo ulichoka taratibu hadi ukasimama. Mara nyingi sivyo. Utafiti wa MERIT-HF wa 1999 uliwatazama waliofariki wakiwa na dalili nyepesi, wale wanaohema kidogo wakipanda ngazi: 64% walikufa ghafla, na 12% tu moyo ulipozidiwa. Kwa waliokuwa hoi, wanaohema hata wakiwa wamelala, waliokufa ghafla walikuwa 33%, na waliozidiwa 56%. (Hayo ni mafungu ya vifo; aliye hoi bado yuko karibu zaidi na kifo.)

Katika kifo cha ghafla umeme wa moyo huvurugika, na vyumba vya chini hutetemeka tu bila kusukuma damu. Ndiyo maana kuna kifaa kinachopachikwa chini ya ngozi ya kifua, kikaurudisha moyo kwenye mapigo yake kwa kuupiga shoti. Wanaokitetea wana hoja nzito: katika utafiti wa SCD-HeFT wa 2005, kilipunguza hatari ya kufa kwa 23%.

Lakini utafiti wa DANISH wa 2016, uliopima kifaa hicho kwa wagonjwa ambao tatizo lao halikutokana na mishipa ya moyo kuziba, ulinifanya nisite. Vifo vya ghafla vilishuka kutoka 8.2% hadi 4.3%, ila jumla ya vifo haikushuka kwa kiasi cha kuthibitika. Aliyeokolewa na shoti bado anaweza kuondoka kwa saratani, maambukizi au moyo uleule kuzidiwa. Dawa nazo zimeboreka: uchambuzi wa 2017 wa majaribio 12 ulikuta vifo vya ghafla vimepungua kwa 44% katika takriban miongo miwili.

Kwa maoni yangu, mgonjwa mwenye umri mdogo na figo nzima asinyimwe kifaa; katika DANISH wenye umri mdogo ndio walionufaika. Kwa mzee mwenye maradhi mengi, nasita.

Mfikirie mzee huyo siku zake za mwisho. Analala ameegemea mito mitatu, ukibonyeza mguu wake kidole kinaacha shimo, na kifaa bado kinampiga shoti mbele ya watoto wake. Shoti hizo zinaweza kuzimwa kwa mashine ya nje, bila kupasuliwa, naye asihisi chochote. Mazungumzo hayo daktari ayaanze siku ya kukipachika, mgonjwa akiwa bado na pumzi ya kujibu.