Shangazi, nimeshiba!

Jamani, shangazi yangu nampenda, ila mialiko yake ya chakula inanitoa jasho. Juzi nimemkuta anafuta meza kwa kitambaa kilekile alichopangusia sakafu, kisha akakaushia sahani yangu. Sahani yangu! Paka naye yuko juu ya meza ya jikoni anaramba mwiko, hakuna hata wa kumfukuza. Nyama mbichi imekatiwa kwenye ubao, ubao ukapanguswa tu, saladi ikafuata hapohapo. Nikisema nimeshiba, naambiwa najidai. Nikila, usiku nahamia chooni. Siku hizi nawahi kumwalika yeye kwangu, au nabeba matunda ya kumenya mwenyewe. Kesho kanialika tena. Nimeshaanza kukohoa kwenye simu.