Genge Lenye Leseni: Wakuu wa Kampuni za Dawa Washtakiwe kwa Majina Yao

Tarehe 26 Oktoba 2017, serikali ya Marekani ilimkamata John Kapoor, bilionea aliyeanzisha kampuni ya dawa ya Insys Therapeutics katika jimbo la Arizona. Miongoni mwa mashtaka aliyosomewa yalikuwamo yale ya sheria ya RICO, ambayo Bunge la nchi hiyo liliitunga mwaka 1970 ili kuzivunja familia za Mafia. Kwa hatua hiyo, waendesha mashtaka walikubali jambo ambalo serikali nyingi huliogopa: kwamba kampuni iliyosajiliwa, inayolipa kodi na kuuza hisa zake sokoni, inaweza kuendeshwa kwa mpangilio uleule wa genge la wahalifu, na kwamba wanaopaswa kufuatwa ni watu waliotoa amri. Naamini kwa dhati kwamba huu ndio ungepaswa kuwa utaratibu wa kawaida kila kampuni ya dawa inapouza madhara kwa makusudi. Kwa bahati mbaya, hadi leo umebaki kuwa nadra.

Bidhaa ya Insys iliitwa Subsys, nayo ilikuwa fentanili ya kupulizwa chini ya ulimi. Fentanili ni dawa ya jamii ya afyuni yenye nguvu mara 50 hadi 100 kuliko mofini. FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, iliiidhinisha Subsys mwaka 2012 kwa watu wa aina moja tu: wagonjwa wa saratani ambao miili yao ilikwisha kuzoea dawa kali za maumivu, na ambao hata hivyo walikuwa wakishikwa na maumivu ya ghafla. Wagonjwa wa namna hiyo si wengi, na soko lao lisingewatajirisha wakuu wa kampuni kwa kasi waliyoitaka. Wakaamua kuwatafuta madaktari ambao wangewaandikia dawa hiyo hata watu wenye maumivu ya mgongo au ya kichwa.

Njia waliyoitumia iliitwa programu ya mihadhara. Kwa maelezo ya karatasi, daktari alilipwa ili awaelimishe madaktari wenzake juu ya dawa mpya. Kwa hali halisi, mihadhara mingi ilikuwa chakula cha jioni katika mgahawa wa gharama, mara nyingine bila msikilizaji hata mmoja mwenye haki ya kuandika dawa. Malipo yalipimwa kwa idadi ya vyeti vya Subsys ambavyo daktari alikuwa ameandika. Kampuni ilitunza majedwali yenye kumwonyesha kila daktari, fedha alizopokea, na mapato yaliyorudi kutokana na vyeti vyake, kwa hiyo aliyeandika dawa chache aliitwa mara chache na aliyeandika nyingi aliitwa tena na tena. Hiyo ni rushwa, na hesabu zake ziliandikwa kwa mikono ya wenyewe.

Lilibaki tatizo la kampuni za bima, ambazo hazikuwa tayari kulipia dawa ya bei kubwa kiasi kile kwa mgonjwa asiye na saratani. Insys ikaunda kitengo cha simu ndani ya ofisi zake. Wafanyakazi wa kitengo hicho walizipigia kampuni za bima wakijifanya kuwa wanatoka katika zahanati ya daktari, wakasema mgonjwa ana saratani ilhali hana, au wakapanga maneno yao kwa ujanja ili anayesikiliza aamini hivyo. Wakati wa kesi mjini Boston, mahakama ilionyeshwa video ya ndani ya kampuni, ambamo watu wa mauzo waliimba na kucheza muziki wa kufokafoka wakihimizana kuwapandisha wagonjwa dozi, huku mmoja wao akiwa amevaa vazi la chupa kubwa ya Subsys. Kila ninapokumbuka kwamba watu walikuwa wakifa kwa dawa hiyo wakati ile video inatengenezwa, hasira hunishika upya.

Mwezi Mei 2019, Kapoor na wakuu wenzake wanne walipatikana na hatia ya njama ya kuendesha biashara kwa njia za kihalifu. Januari 2020 alihukumiwa kifungo cha miaka mitano na nusu. Michael Babich, aliyekuwa mtendaji mkuu, na Alec Burlakoff, aliyekuwa mkuu wa mauzo, walikiri makosa, wakatoa ushahidi dhidi ya bosi wao, na bado wakapewa vifungo vya miezi 30 na miezi 26. Kesi hii inafundisha kitu kuhusu uhalifu wa aina hii. Ukimtazama kila mmoja peke yake, utamwona mwakilishi wa mauzo aliyelipia chakula, karani aliyepiga simu, daktari aliyetia sahihi, mhasibu aliyejaza jedwali. Kila mmoja angeweza kusema kuwa alifanya kazi ndogo aliyopangiwa. Uhalifu unaonekana pale tu vipande vinapounganishwa, na hiyo ndiyo kazi ambayo sheria dhidi ya magenge ilitungwa kuifanya.

Linganisha na Purdue Pharma, kampuni ya familia ya Sackler, iliyoingiza sokoni mwaka 1996 OxyContin, kidonge kikali cha maumivu cha jamii ya afyuni. Watu wake wa mauzo waliwaambia madaktari kwamba, kwa kuwa kidonge hicho hutoa dawa polepole, hatari ya uraibu ni ndogo kuliko ya dawa nyingine za aina yake. Mwaka 2006 waendesha mashtaka wa serikali kuu katika jimbo la Virginia walikwisha kukusanya ushahidi wa miaka kadhaa na kupendekeza kwamba wakuu watatu washtakiwe kwa makosa makubwa ya jinai. Wakubwa wao katika Wizara ya Sheria hawakukubali. Mwezi Mei 2007 Purdue Frederick, kampuni ndugu ya Purdue Pharma, ilikiri kosa, na wakuu hao watatu, Michael Friedman, Howard Udell na Paul Goldenheim, wakakiri kosa dogo tu, lile ambalo humhesabia kiongozi lawama bila kuhitaji kuthibitisha kwamba alijua. Jumla ya fedha zilizolipwa ilikuwa dola milioni 634.5. Hakuna aliyelala gerezani.

Yaliyofuata ndiyo yanayonifanya nisiwe na imani na faini. Purdue iliendelea kuuza. Ukaguzi uliofanywa baadaye kwa ajili ya kesi ya kufilisika ulionyesha kwamba kati ya mwaka 2008 na 2017 familia ya Sackler ilichota zaidi ya dola bilioni 10 kutoka katika kampuni hiyo. Mwaka 2020 Purdue ilikiri tena, safari hii makosa makubwa matatu, yakiwamo malipo iliyoyatoa kwa kampuni ya programu za kumbukumbu za wagonjwa, Practice Fusion, ili kompyuta ya daktari imtokezee na ujumbe wa kumsukuma aandike dawa kali za maumivu. Fikiria daktari aliyeketi mbele ya mgonjwa wake, akiamini kwamba ujumbe ule ni ushauri wa kitabibu, kumbe ni tangazo lililonunuliwa. Hata katika makubaliano hayo ya 2020, wanafamilia walilipa dola milioni 225 katika shauri la madai, wakakana kufanya kosa, na hakuna mmoja wao aliyeshtakiwa kwa jinai.

Purdue haiko peke yake. Pfizer ilikubali mwaka 2009 kulipa dola bilioni 2.3, sehemu kubwa ikihusu dawa ya maumivu ya Bextra iliyotangazwa kwa matumizi ambayo hayakuidhinishwa. GlaxoSmithKline ilikubali dola bilioni 3 mwaka 2012, na ndani ya shauri hilo ilikiri kuitangaza Paxil, dawa ya sonona, kwa watoto na vijana wa chini ya miaka 18 na kutotoa kwa FDA taarifa zote za usalama wa Avandia, dawa ya kisukari. Kwa mtu wa kawaida fedha hizo ni za kutisha, lakini kwa kampuni ambayo dawa yake moja huweza kuingiza zaidi ya hapo, faini huingizwa katika mahesabu kama gharama nyingine yoyote. Anayelipa hasa ni mwenye hisa, na pengine mgonjwa kupitia bei, si yule aliyeketi kwenye kikao na kuidhinisha mpango.

Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa asidhani kwamba hayo ni mambo ya Wamarekani peke yao. Ranbaxy, iliyokuwa kampuni kubwa ya dawa nchini India, iliuza pia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI zilizokusudiwa nchi za Afrika. Mwaka 2004 mmoja wa wakurugenzi wa idara zake, Dinesh Thakur, alikusanya ushahidi kwamba kampuni ilikuwa imebuni takwimu za ubora za bidhaa zaidi ya 200 zilizouzwa katika nchi zaidi ya 40. Taarifa hiyo iliwasilishwa mbele ya wajumbe wa bodi ya kampuni, na wao hawakuzitahadharisha nchi hizo. Mwaka huohuo kampuni iliziondoa dawa zake za UKIMWI katika orodha ya Shirika la Afya Duniani, baada ya vipimo vya kuthibitisha ulinganifu wake na dawa asilia kutiliwa shaka. Thakur aliondoka na kuipelekea FDA ushahidi wake. Ilichukua hadi Mei 2013 kwa tawi la Marekani la Ranbaxy kukiri makosa saba ya jinai na kulipa dola milioni 500. Hakuna mkuu aliyefungwa kwa ajili ya dawa hizo. Fedha zililipwa huko Marekani, wala sijui mgonjwa wa huku kwetu aliyemeza kidonge cha takwimu za kubuni na kuulizwa amepata hasara gani.

Huku kwetu tumezoea kuufikiria uhalifu wa dawa kama jambo la dawa bandia: mzigo uliopitishwa kwa njia za panya, boksi lililochapwa kwa kuiga, mwenye duka aliyekamatwa na kupigwa picha mbele ya shehena. Hao wakamatwe. Lakini mtazamo wetu ukiishia hapo, tunakuwa tumemwachia huru mtu mwenye hatari zaidi, yule ambaye dawa yake imesajiliwa, ina muhuri halali, na inamfikia mgonjwa kwa mkono wa nesi anayeaminika.

Najua hoja inayotolewa dhidi ya msimamo huu. Husemwa kwamba ukiibana sana kampuni ya dawa utaiua, na ikifa, wagonjwa wanaotegemea dawa zake nyingine ndio watakaoumia. Hofu hiyo ni ya kweli, na kwa maoni yangu inaunga mkono hoja yangu. Ikiwa kiwanda hakiwezi kufungwa kwa sababu watu wanakihitaji, basi adhabu haina mahali pa kwenda isipokuwa kwa watu waliokitumia vibaya. Mwaka 2023 Laurence Doud, aliyekuwa mkuu wa kampuni ya kusambaza dawa ya Rochester Drug Cooperative huko New York, alihukumiwa kifungo cha miezi 27 kwa makosa yaleyale ya kula njama ya kusambaza dawa za kulevya yanayowafunga wauzaji wa mitaani, kwa kuyajaza vidonge maduka ambayo wafanyakazi wake mwenyewe walikuwa wameyatilia shaka.

Tanzania ina sheria ya uhujumu uchumi na makosa ya kupanga tangu mwaka 1984, na Kenya ina sheria yake ya kuzuia uhalifu wa kupanga ya mwaka 2010. Ningependa kuona wabunge wa nchi zote mbili wakiandika waziwazi katika sheria kwamba kughushi takwimu za ubora wa dawa, kuwahonga madaktari, na kuficha taarifa za madhara ni uhalifu wa kupanga pale vinapofanywa na kampuni. Na kila faili la usajili wa dawa linapopokelewa, liwe la kiwanda cha ndani au cha nje, libebe jina na sahihi ya mkurugenzi anayekubali kujibu mahakamani, yeye binafsi, kwa ukweli wa kila takwimu iliyomo.